Ngozi haitoshi

Maneno mawili ya daktari bado yananizunguka kichwani. Wiki hii baba watoto amerejea kutoka safari na kazini tumefunga hesabu za mwaka, lakini mimi nimebaki palepale, asubuhi ya upasuaji wa kutenganisha vidole viwili ambavyo kitinda mimba wetu alizaliwa navyo vikiwa vimeungana, daktari alipoushika mkono wake, akachora juu ya kidole cha kati na cha pete mistari iliyopindapinda kama meno ya msumeno, kisha akasema bila kuinua macho, "Ngozi haitoshi, mama."

Nami nikajibu, "Samahani, daktari."

Samahani ya nini? Nimejiuliza nikiosha vyombo, nimejiuliza usiku nikimgeuza mtoto asiulalie mkono uliofungwa bendeji hadi juu ya kiwiko. Mnajua nilivyohangaika miezi hii 16 kutafuta kosa langu: homa niliyougua, dawa niliyokunywa. Nafahamu kwamba mkono wa kila mtoto tumboni huanza ukiwa bapa kama kasia dogo, na kwamba kati ya wiki ya 6 na ya 8 seli zilizo baina ya vidole hufa zenyewe ili vitengane; kwa wetu, kazi hiyo iliishia njiani. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 3,000. Yote hayo nayafahamu, na bado mtu aliposema kuna kitu kimepungua, kinywa changu kiliomba radhi kabla sijafikiri.

Leo, siku ya 14, bendeji imefunguliwa, na nikamwomba daktari anieleze alichomaanisha. Akaviweka vidole vyake viwili pamoja, akavizungushia uzi, kisha akavitenganisha na kujaribu kukizungushia kila kimoja kwa uzi uleule. Haukufika. Ndivyo ilivyo kwa kila mtoto wa aina hii, alisema. Ngozi inayofunika vidole viwili vilivyoungana haiwezi kuvifunika vikiwa mbalimbali, hivyo palipobaki wazi hupandikizwa ngozi kutoka kinenani. Ile mistari ya msumeno nayo ina sababu yake, kwa kuwa kovu lililonyooka hujikaza na kukipinda kidole kadiri mtoto anavyokua.

Kwa hiyo hakuwa akinisema mimi. Nililia palepale, naye mwanangu, akiwa na damu kavu pembezoni mwa nyuzi, akapanua vidole vyake polepole, na mwanga wa dirisha ukapita katikati yake. Nafasi nyembamba, labda upana wa penseli, lakini mwanga ulipita.

Tumeambiwa turudi mara kwa mara, kwa kuwa ngozi ya katikati huweza kupanda tena taratibu mkono unapokua. Usiku huu, hata hivyo, ni dada yake anayenikosesha usingizi: ameanza kukohoa tangu magharibi, na kikohozi chenyewe ni kikavu.