Kuhesabu Samaki Mbudya

Tulitoka Kunduchi maji yameanza kupwa, boti ya faiba imesheheni mitungi ya hewa, tepu ndefu na vibao vya plastiki vya kuandikia chini ya maji. Wakazi wengi wa Dar wanakijua kisiwa cha Mbudya kwa chipsi na samaki wa kukaanga. Mimi nilidandia safari ya vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wenye kituo chao hapo Kunduchi, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja.

Mbudya ilitangazwa hifadhi mwaka 1975, sawa na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Tangazo halikuzuia baruti za wavuvi haramu, wala joto la mwaka 1998 lililoyapausha matumbawe pwani yote hii.

Wenzangu walipozama kutandaza tepu, nilivaa miwani nikaelea juu yao. Mmoja aliogelea taratibu akihesabu samaki kushoto na kulia. Mwingine nyuma yake alilaza fremu ya mraba juu ya mwamba na kupiga picha. Nilichoshindwa kukiacha ni samaki aitwaye pono. Anauma mwamba hadi unasikia krr, krr, anaacha mkwaruzo mweupe, kisha anasogea na kunya mchanga! Kumbe akikwangua mwani hivyo, matumbawe machanga yanapata pa kushika.

Mbele kidogo mwamba ulikuwa mweusi kwa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu, ambao ukiwakanyaga utalala na maumivu.

"Samaki kikande wakivuliwa wote, hao wa miiba ndio wanajaa," nahodha alisema tulipopanda botini.

"Kweli, mzee," akajibu binti wa Unguja. "Kikande ndiye anayewala. Kwenye miamba ya Kenya wamelichunguza jambo hilo miaka mingi. Hao wa miiba wakizidi, wanautafuna mwamba wenyewe."

Hapo ndipo nilipoona orodha ya majina ya samaki pekee haitoshi. Lazima ujue nani anamla nani. Na nahodha, ambaye hakuwa na kibao, alikuwa na nusu ya jibu.

Upepo ulikaza, Pangavini tukaiacha. Njiani nahodha akauliza majibu yatatoka lini.

"Waliokuja kabla yenu walihesabu, wakaondoka nayo."

Binti akachukua namba yake ya simu, na ya mwenyekiti wa wavuvi wa pale Kunduchi.