Roboti limejipa mapumziko
Jamani, leo nimeamka hapa Jönköping, Sweden, nikakuta roboti la kukata majani limetulia kwenye chaja, halina habari. Nikajua limekufa. Kumbe limepima lenyewe! Visu vikikutana na majani mengi, mota inatumia nguvu zaidi. Hapo linajua yamestawi, linaongeza saa za kazi. Wiki hii jua kali, mvua hakuna, majani yamedumaa, nalo limejipunguzia zamu. Na visu vyenyewe vitatu tu, vidogo kama wembe. (Kampuni ya Husqvarna, majirani zetu hapa, walitoa lao la kwanza 1995, la nguvu za jua.)

Nikampigia mama Tanga kumsimulia. Kanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo mwanangu, huko hata kufyeka mnasubiri mashine ijisikie?"