Siku Moja ya Kuisomesha Programu Tarehe

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimekwisha kufika ofisini Kirumba, jijini Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, ambako wachukuzi wanakuwa tayari wanapakia magunia. Kazi yangu ni programu inayosoma meseji za wafanyabiashara wa dagaa na kuzigeuza ziwe oda zenye tarehe kamili.

Kuanzia saa mbili nashughulikia tarehe za tarakimu. Mtu wa hapa akiandika 3/4 ana maana ya tarehe 3 Aprili, ilhali programu nyingi zilizotungwa Marekani huisoma 4 Machi, ndiyo maana nazihifadhi zote kwa mtindo wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, mwaka ukitangulia. Hata hivyo JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ina kituko chake: tarehe iliyoandikwa hivyo bila saa huihesabu kuwa saa sita usiku kwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo ukumbusho wa siku hiyo ungemfikia mteja saa tisa usiku, akiwa usingizini.

Saa tano nafungua meseji ya mama mmoja wa Ukerewe: “Mwanangu, mzigo kesho kutwa saa mbili.” Ilitumwa Jumatatu, saa sita usiku ikikaribia, mtandao ukakwama, ikaingia Jumanne. Ikihesabiwa kutoka ilipopokelewa, programu itasema Alhamisi, na Jumatano mzigo utakaa gatini bila mwenyewe. Kipimo ni muda wa kutuma, na maneno yenyewe ya mteja hayafutwi. Saa mbili nayo yaweza kuwa 08:00 au 20:00. Hapo naona ni heri programu imuulize kuliko kukisia.

Baada ya chakula cha mchana nakutana na “giza likianza nitaleta”. Giza hapa ni siku zisizo na mbalamwezi: dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi huharibu kazi hiyo. Mzunguko wa mwezi, takriban siku 29.5, unahesabika, lakini mvuvi hakutaja siku moja, basi naandika kipindi, chenye mwanzo na mwisho.

Saa kumi ni zamu ya madeni ya “mwezi mmoja”. Ukijumlisha mwezi kwenye 31 Januari, PHP, lugha nyingine ya programu, hukupa 3 Machi katika mwaka wa kawaida. Mimi nimechagua siku ya mwisho ya Februari, maana sijaona mdai wa kungoja Machi.

Saa kumi na moja naandika majaribio, “leo” ikiwa imefungwa kwenye 28 Februari 2028, mwaka mrefu wenye 29 Februari, ambapo kesho kutwa ni lazima itoke 1 Machi, si 2.