Mvua ya mlimani naipokea kwa simu

Nyumba yetu iko chini ya Milima ya Uluguru, jirani kabisa na Mto Morogoro. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo, naijua. Ila kiwanja ni cha bibi, na kwetu Waluguru ardhi hupitia upande wa mama, kwa hiyo hakiachwi kirahisi. Kuhama tutahama Mungu akijalia. Kwa sasa naeleza tunavyoipita masika, Machi hadi Mei, bila kukesha kila wingu likitanda.

Kubwa nililofanya ni kuacha kutegemea anga la kwangu. Hapa Morogoro mjini tuko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Pale Morningside, juu mlimani kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, ni karibu 1,300, na milima inaendelea kupanda hadi kupita 2,600. Mvua ikipiga huko juu, maji yanakimbia kwenye mteremko uliolimwa mpaka kwenye magenge. Huku chini unaweza kuwa umeanika nguo, jua linawaka, na mto unakuja. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausikiliza, unaniambia siku zipi nisilale mbali na nyumbani. Lakini wakisema mkoa wa Morogoro, humo mna Kilosa, Ulanga mpaka Malinyi; mlima wetu peke yake hausemwi.

Basi nikamwendea dada anayeniuzia mboga. Anakaa juu, njia ya Morningside, na kila asubuhi anashuka na tenga lake. Tukakubaliana: mvua ikishika kwao hata nusu saa, anipigie. Nikishindwa kupokea, abipu mfululizo mpaka niamke. Mimi namrushia vocha. Mvua kubwa huwa inaondoka na mtandao, au simu yake imezima chaji, ndiyo maana nina mtu wa pili, mjomba wa jirani yangu, upande mwingine wa bonde.

Nimewafundisha wote wawili, na wao wamenifundisha zaidi. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuleta vijiti, hiyo ni dalili ya kwanza. Mawe yakianza kugongana chini ya maji, unayasikia hata ndani ya nyumba, ngurumo ya chini chini isiyokatika. Dalili wanayoiogopa wazee ni mto kupungua ghafla huku mvua inanyesha: huenda udongo umeporomoka na kuziba njia juu, maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo hatungoji simu wala maelezo.

Simu ikilia, anatangulia bibi, kwa sababu mwendo wake ni wa polepole na hapendi kuharakishwa. Vyeti, kadi za bima na vitambulisho viko kwenye ndoo yenye mfuniko nyuma ya mlango. Tunapanda kwa jirani wa juu, upande wetu huu huu. Daraja hatuvuki, hata maji yakionekana ya kifundo cha mguu. Umeme nauzima kwenye meni swichi nikitoka.

Ukingoni nimepanda majani marefu ya mabingobingo, na nyuma ya nyumba kuna mtaro ninaouzibua kabla ya masika. Vinasaidia maji ya kawaida. Mto ukiwa umekasirika kweli, sivitegemei.

Masika iliyopita simu ililia usiku wa manane, kwetu hata tone hakuna. Mume wangu alinung'unika, akavaa viatu hivyo hivyo. Kabla hatujamaliza kumpandisha bibi, maji yalikuwa yameshaingia jikoni na kuondoka na banda la kuku. Mara nyingine tumetoka na hayakuja, tukarudi kulala.

Majirani wa chini wameomba niwaunganishe, nami nawapigia mmoja mmoja. Mzee mmoja anasema huo ni uoga wa kike. Nampigia naye.