Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Fizikia, Malindi

Saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa kusi unavuma nikiwa kwenye tuktuk kwenda shuleni. Leo nafundisha somo nililolingoja muhula mzima: masalia ya nyota zilizolipuka, yaani supanova.

Saa mbili, kidato cha nne. Naanzia kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru siku hiyo. Mtoto wa Malindi kutojua hili huniuma sana.

Saa nne, chai na mahamri, haraka.

Saa nne na nusu tuko uwanjani. Safu mbili za wasichana zinakaribiana huku zikirudishiana mpira kwa kuupiga, na kila pigo linauongezea kasi. Ndivyo inavyokuwa kwa protoni kwenye wimbi la mshtuko la supanova, linalokwenda kilomita 5,000 kwa sekunde: kila inapovuka na kurudi, nishati yake huongezeka kwa asilimia 1 au 2. Ni kidogo, lakini huvuka mara mamia.

“Mwalimu, huko angani nani anayeirudisha?”

Swali zuri mno, mwanangu! Ni uga sumaku uliovurugika. Tatizo ni kwamba uga ulio kati ya nyota ni dhaifu kuliko wa Dunia takriban mara laki moja; chembe yenye kasi kubwa ingeuponyoka mapema. Mwaka 2004 mwanafizikia Tony Bell alionyesha kwamba chembe zinazotangulia mbele ya wimbi ni mkondo wa umeme, na mkondo huo huunyoosha na kuusokota uga hadi ukue mara nyingi. Chembe zinajijengea mtego wenyewe! Ushahidi upo: picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, za masalia ya supanova ya 1572 zina kingo nyembamba za eksirei, kwa sababu uga mkali huzimaliza elektroni nguvu kabla hazijafika mbali.

Alasiri, kusahihisha madaftari.

Saa mbili usiku, wanabweni wako nje nami. Nawaonyesha kundinyota la Nge. Karibu na mkia wake yako masalia ambayo darubini za H.E.S.S. za Namibia zililipiga picha gamba lake kwa miale ya gama, 2004.

“Gama hizo zatoka kwa protoni au elektroni?”

Kwa masalia mengine mawili, IC 443 na W44, setilaiti ya Fermi ya kuchunguza gama ilipata alama ya protoni, 2013. Kuhusu haya ya Nge wataalamu wangali wanabishana, na wasichana nao wameshagawanyika pande mbili.