Sitini kwa Sitini

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, wahedi wa sitini ulikuwa mchezo wa karata wa watu wazima. Sisi vijana tulikuwa na lasti kadi yetu, tukiichezea uani kwa makelele na kuibiana. Mkeka wa pale barabara ya kumi na mbili ulikuwa hukalii mpaka uitwe, na Ramadhani ya mwaka 1994 niliitwa kwa sababu mtu wao wa nne alikwenda Pangani kuzika.

Aliyeniita alikuwa mstaafu wa reli, mtaa mzima tukimwita Babu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye treni ya Tanga kwenda Moshi, njia ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na karata alizihesabu kama mabehewa: haikupita moja mbele yake asijue imebeba nini. Upande wa pili walikaa fundi cherehani na kinyozi. Fundi ni Coastal Union damu, kinyozi ni African Sports, na tangu Coastal wachukue ubingwa mwaka 1988 salamu zao siku za mechi zilikuwa za shingo upande. Lakini wakishika karata, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Watu walinong'ona kwamba wana ishara zao. Fundi akikohoa, anacho; akijikuna sikio, hana.

"Babu, leo umetuletea mwanafunzi?" kinyozi akauliza.

"Gawa karata."

Kwa asiyeujua mchezo: mnakaa wanne, wawili kwa wawili, mwenzako mkabala nawe. Unaondoa nane, tisa na kumi zote, zinabaki karata 40, kila mtu anapata 10. Ree (A) ina pointi 11, saba 10, basha (K) 4, ghulamu (J) 3, bibi (Q) 2. Kuanzia sita kushuka ni makapi. Nguvu nayo inafuata mpangilio huo huo, kwa hiyo saba anamla basha, jambo linalowakera sana waliozoea michezo mingine. (Wareno nao wanao mchezo uitwao sueca, wenye hesabu hii hii, na saba yake vilevile.) Jumla ni 120, wanaofikisha 61 wameshinda. Karata ya mwisho ya mgawaji inafunuliwa, na aina yake (kopa, uru, shupaza au pau) ndiyo turufu, inayokula nyingine zote. Ikitangulia kopa, mwenye kopa lazima atoe kopa. Asiye nayo ana hiari, akate kwa turufu au atupe apendacho. Baraza nyingine huondoa na zile mbili, wakacheza na 36. Pesa haiwekwi. Anayefungwa anainuka kupisha wengine, na maneno ya watazamaji yanatosha kuwa faini.

Hayo mtu anaweza kuyashika kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Kazi iko kwenye kunyamaza, maana huruhusiwi kumwambia mwenzako chochote. Kabla hatujakaa Babu alinivuta pembeni. "Mjukuu wangu, hesabu turufu kwanza. Nyingine ukizisahau tutasameheana. Halafu usinitazame usoni. Tazama ninachotupa."

Joto la kaskazi lilikuwa halijapungua hata baada ya tarawehe. Umeme ulikuwa umekatika, karabai inavuma juu ya stuli, na muuza kahawa alishaacha kuzunguka, ameketi na dele lake anatazama. Tulikuwa tumekubaliana wa kwanza kushinda mara nne ndiye anayebaki mkekani. Tukafika tatu kwa tatu. Ikagawiwa ya mwisho, turufu uru.

Nianze kwa kusema kwamba tulionewa na mgao. Ree na saba za uru zote zilikuwa kwao, na fundi alizipiga chini kwa kishindo kiasi cha kuutikisa moto wa karabai. Karata zetu nono zikawa zinaondoka moja moja. Mimi niling'ang'ania kazi niliyopewa: uru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karibu na mwisho fundi akaanzisha tena uru, na hapo Babu hakuwa nayo. Akatupa ghulamu ya kopa.

Watazamaji wakaguna. Pointi tatu, bure, kwa maadui! Kinyozi akazizoa akicheka. Lakini mimi nilibaki nazitazama zile pointi tatu zinavyokwenda. Mtu kama Babu hatoi tatu akiwa na makapi mkononi. Basi hana makapi; alichobaki nacho kina thamani kama hicho au zaidi. Na ree mbili zilikuwa hazijaonekana bado, ya kopa na ya shupaza. Ya kopa haikuwa kwake, kwa sababu mapema basha ya kopa ilipita mbele yake ikaenda zake kwa kinyozi, na Babu hakuigusa.

Tukabakiwa na karata mbili mbili. Mkononi nilikuwa na saba ya kopa na tano ya uru. Uru tisa zilishapita, kwa hiyo hiyo tano yangu, kikaratasi kimechakaa pembe, ilikuwa turufu pekee iliyobaki duniani.

Fundi akakohoa. Akatoa basha ya shupaza.

Shupaza sina. Kila mtu aliyesimama nyuma yangu alitaka nikate. Mmoja alinigusa bega kabisa, akakemewa. Lakini nikikata sasa, Babu atalazimika kuitoa ree yake juu ya karata ambayo tayari ni yangu, halafu nitabaki na saba ya kopa ya kuanzisha, na mwenye ree ya kopa anaisubiri. Nikaitupa saba. Pointi kumi, juu ya basha ya fundi.

"Mwanafunzi huyo!" akasema kinyozi, na kile kikohozi kikiwa bado masikioni mwake, akaipiga ree ya kopa chini ili mwenzake azoe vizuri. Ishirini na tano mkekani. Mchoyo kidogo tu angeibakisha.

Babu hakupiga kitu. Aliilaza ree ya shupaza taratibu, akaisogeza kwa kidole mpaka ikakaa sawa na zile nyingine, akazikusanya zote nne. Thelathini na sita kwa mkupuo mmoja. Kisha akaanzisha ghulamu ya pau, fundi akatoa tatu ya shupaza, mimi nikakata kwa tano yangu, kinyozi akamalizia na nne ya pau.

Mtu akaanza kushangilia. "Usishangilie," Babu akasema. "Ni sitini."

Hakuna aliyemwelewa. Fundi alizihesabu zao, akarudia, akazihesabu na zetu kwa kuzipanga kumikumi kando ya stuli. Sitini kwa sitini. Hakuna aliyefungwa, hakuna wa kuinuka, sheria inasema zigawiwe upya. Lakini ngoma ya daku ilikuwa imeshafika barabara ya kumi, na mama mmoja alikuwa dirishani akiuliza kama kuna mwanamume yeyote mle barazani mwenye mke.

Fundi wala hakumsikia. Alikuwa amemgeukia kinyozi.

"Ree yote ile umeitupa kwa nini? Tulikuwa tunataka pointi moja tu!"

"Si ulikohoa?"

"Nina mafua, bwana! Tangu jana nina mafua!"

Waliondoka wakibishana, na kesho yake baada ya futari walikuwa bado hawajamaliza.