Bodi haikufa, maelezo ndiyo yaliyozeeka

Nilibaki kidogo niiuze. Fundi mmoja hapa mjini aliishika, akaigeuza mara mbili, akaniambia, "Hii imekufa, ndugu yangu, nunua nyingine." Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyonila elfu kumi na kitu! Leo ni wiki ya tano iko juu ya kabati la mama, haina skrini wala kibodi, na imebeba picha za ukoo mzima.

Nilifuata maelezo yale yanayozunguka kila mahali: andika mfumo kwenye kadi ya memori, weka faili tupu inayoitwa ssh (hufungua SSH, njia ya kuiamuru bodi kutoka kompyuta nyingine), ongeza wpa_supplicant.conf yenye jina na neno la siri la waifai, washa, kisha ingia kwa jina la mtumiaji pi na neno la siri raspberry. Nilifanya vivyo hivyo. Kwenye ruta haikuonekana. Usiku wa pili nikarudia, patupu.

Twakaa Mji wa Kale, na kila niliyemuuliza alizilaumu kuta. Ni kweli, kuta hizi za mawe ya matumbawe ni nene, waifai haivuki chumba cha pili. Lakini taa ya kijani ya bodi ilikuwa ikimetameta, na humetameta kadi inaposomwa. Bodi iliyokufa itasomaje kadi? Hapo nikapata wazo ambalo najivunia mpaka leo. Nilizima ruta, nikawasha hotspoti ya simu kwa jina lilelile na neno la siri lilelile la waifai ya nyumbani, nikailaza simu kando ya bodi, shubiri moja tu. Simu huonyesha ni vifaa vingapi vimejiunga. Nikangoja dakika kumi nzima. Sifuri! Basi kuta hazikuwa na kosa. Bodi yenyewe haikujua kwamba kuna waifai ya kujiunga nayo.

Nikaazima waya wa mtandao kwa jirani, nikaiunganisha na ruta. Anwani ikatokea papo hapo. Nikaandika pi, nikaandika raspberry, nikakataliwa, ila na ujumbe juu yake: SSH huenda isifanye kazi mpaka awekwe mtumiaji halali. Mtumiaji gani tena, nami nimeambiwa yumo?

Kumbe hayumo. Tangu Aprili 2022 Raspberry Pi OS, mfumo wa bodi hii, haiji na mtumiaji pi. Na tangu toleo la Bookworm, Oktoba 2023, waifai iko mikononi mwa programu nyingine, NetworkManager, ile faili yangu ya waifai haitazamwi kabisa. Watu wananakili maelezo ya zamani bila kuyajaribu, na mwenzao anapoteza siku tatu. Laniudhi sana jambo hili.

Dawa yake ilikuwa robo saa. Raspberry Pi Imager, programu ya kuandikia kadi, ina sehemu ya mipangilio: jina la mtumiaji, neno la siri, waifai, nchi (chagua KE), na SSH. Jaza kabla ya kuandika kadi. Na chaja iwe ya volti 5 na ampea 3. Ile ya simu yangu ilikuwa ikiizimisha kila nikichomeka diski.

Samba, programu ya kushiriki mafaili, nimeiweka kwa picha, na Tailscale, inayounganisha vifaa kupitia intaneti, kwa walio mbali, maana mtandao wetu hautupi anwani ya nje ya kufikiwa moja kwa moja. Juzi khalati yangu alifungua picha za harusi akiwa Malindi, akampigia mama simu kumuuliza lile leso alilovaa alilinunua wapi.